UCHAMBUZI: Kabla ya lenzi ya macho, machozi yapimwe kwanza

KEDOWA, Kericho

ANAYESAFIRI alfajiri kutoka Kedowa kuelekea mjini Kericho huyapitisha macho yake katika majaribu mengi kabla jua halijapanda. Kwanza kuna moshi wa kuni jikoni, kisha ukungu wenye baridi kali. Kando ya barabara kuu ya Nakuru kwenda Kericho kuna vumbi na moshi wa malori. Akipanda bodaboda, upepo humpiga usoni, na akipata kiti ndani ya matatu, huinamia simu yake hadi mwisho wa safari.

Kwa watu wengi, majaribu hayo huisha kwa kupepesa macho mara chache. Kwa anayevaa lenzi za macho, zile vipande vyembamba vya plastiki vinavyobandikwa juu ya mboni badala ya miwani, hali ni tofauti. Kila kimoja kati ya vitu hivyo huangukia safu nyembamba ya maji ambayo tayari imegawanywa sehemu mbili na ile lenzi.

Lenzi hizo si bidhaa ya watu wa Nairobi pekee tena. Vijana wa vyuo, wahudumu wa ofisi na wanaojiandaa kwa harusi huzitaka, baadhi kwa sababu hawaoni mbali na wengine kwa sababu tu wanataka kubadilisha rangi ya macho. Zinauzwa katika maduka ya miwani, na za rangi hupatikana pia kwa wauzaji wa vipodozi na kupitia intaneti.

Swali ambalo mnunuzi huuliza ni bei, na pengine nguvu ya lenzi. Swali ambalo ni nadra kuulizwa ni hili: je, machozi ya mvaaji yanatosha, na yana afya ya kuibeba lenzi hiyo? Hilo ndilo linaloamua kama lenzi itakuwa msaada au itakuwa mwanzo wa safari ya kwenda hospitalini.

Ukuta wa jicho

Wengi hudhani kwamba machozi ni yale yanayomwagika mtu anapolia. Kumbe jicho lenye afya hufunikwa na machozi usiku na mchana. Safu hiyo, inayoitwa utando wa machozi, ina unene wa takriban mikroni 3, yaani sehemu tatu za milimita moja iliyogawanywa mara elfu moja.

Machozi yote yaliyo juu ya jicho moja kwa wakati wowote ni kidogo mno. Tone moja la dawa ya macho kutoka kwenye chupa lina ujazo unaokaribia mara tano au sita ya machozi hayo. Ndiyo maana sehemu kubwa ya dawa humwagika shavuni.

Utando huo una sehemu tatu zinazofanya kazi pamoja. Chini kabisa kuna ute unaoyawezesha maji kushikamana na jicho. Katikati kuna maji yenye chumvi, protini na vimeng'enya vinavyoua vijidudu. Juu kuna mafuta membamba sana yanayotoka katika tezi zilizopangwa kwenye kingo za kope, nayo huzuia maji yasikauke upesi.

Kazi ya utando huo si kulainisha jicho tu. Konea, kile kioo kilicho mbele ya mboni, haina mishipa ya damu, kwa maana damu ingezuia mwanga kupita. Hivyo oksijeni yake huipata hasa kutoka hewani, ikiwa imeyeyuka katika machozi. Machozi pia husafisha taka, hupambana na viini na kuufanya uso wa jicho uwe laini ili picha ionekane wazi.

Kila mtu anapopepesa, mara 15 hivi kwa dakika, utando huo hutandazwa upya. Ukiachwa bila kupepesa huanza kukatika, na mabaka makavu hujitokeza. Wapimaji wa macho huhesabu sekunde zinazopita kabla ya kukatika huko. Zikiwa chini ya 10, kwa kawaida utando huhesabiwa kuwa dhaifu.

Lenzi inapoingia

Lenzi laini ya kawaida ina unene wa takriban milimita 0.08 katikati. Kipimo hicho ni zaidi ya mara 20 ya unene wa utando wenyewe. Kwa hiyo lenzi haiwezi kuelea ndani ya machozi kama jani ndani ya bwawa. Huyakata machozi pande mbili: safu moja juu ya lenzi na nyingine chini yake.

Safu ya juu ndiyo inayoteseka kwanza. Mafuta hayatandi vizuri juu ya plastiki kama yanavyotanda juu ya jicho lenyewe. Mafuta yakipungua, maji hukauka haraka zaidi, na machozi yanayobaki huwa na chumvi nyingi kuliko kawaida. Chumvi hiyo huchokoza jicho, nalo huanza kuwasha na kuwa jekundu.

Safu ya chini ina tatizo lake. Katika jicho lisilo na lenzi, kupepesa huondoa taka na kuleta machozi mapya. Chini ya lenzi laini, ni asilimia 1 au 2 tu ya machozi hayo yanayobadilishwa kwa kila kupepesa. Lenzi ngumu, ambazo ni ndogo na husogea zaidi, hubadilisha machozi mengi kuliko hizo, yapata asilimia 10 hadi 20.

Matokeo yake ni kwamba taka, protini zilizoganda na vijidudu hukaa karibu na konea kwa muda mrefu. Aidha, kope husuguana na ukingo wa lenzi maelfu ya mara kwa siku. Uchunguzi wa tezi za mafuta za wanaovaa lenzi, uliofanywa nchini Japani na kuchapishwa mwaka 2009, ulionyesha kwamba tezi hizo hupungua zaidi kwa wavaaji kuliko kwa wasiovaa.

Haishangazi basi kwamba jopo la kimataifa la wataalamu wa machozi, katika ripoti yake ya mwaka 2013, lilieleza kuwa hadi nusu ya wanaovaa lenzi hulalamikia ukavu au usumbufu. Wengi wao huacha kuzivaa. Kwa mtu aliyejinyima ili anunue lenzi, hiyo ni hasara. Hasara kubwa zaidi humpata anayeamua kuvumilia.

Somo la oksijeni

Historia ya lenzi ni historia ya binadamu kujaribu kulipa deni analoliwekea jicho. Lenzi za kwanza, za mwaka 1888, zilikuwa za kioo na zilivaliwa kwa saa chache tu. Mwaka 1961, mwanakemia Otto Wichterle wa Czechoslovakia alitengeneza lenzi laini zinazofyonza maji, akitumia mtambo alioujenga nyumbani kwa vipande vya mchezo wa watoto. Marekani iliidhinisha lenzi laini mwaka 1971.

Lenzi hizo zilikuwa na starehe lakini zilipitisha oksijeni kidogo. Mwishoni mwa miaka ya 1990 zikaja lenzi zenye silikoni, zinazopitisha oksijeni mara kadhaa zaidi. Wengi waliamini kwamba sasa mtu angeweza kulala nazo bila hofu.

Takwimu zikaonyesha vingine. Utafiti wa Uholanzi uliochapishwa mwaka 1999 ulikuta kwamba kati ya wavaaji 10,000 wa lenzi laini za mchana, watu 3 hadi 4 hupata maambukizi ya konea kila mwaka. Kwa waliolala nazo, idadi ilikuwa 20. Lenzi za silikoni zilipopimwa nchini Australia, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2008, waliolala nazo walikuwa takriban 25 kati ya 10,000.

Maana yake ni kwamba oksijeni haikuwa tatizo pekee. Jicho lililofumbwa usiku kucha na lenzi ndani yake lina machozi yaliyotuama, na maji yaliyotuama hayajisafishi. Mwenye lenzi ghali iliyotengenezwa kwa ustadi bado anategemea machozi yake yatembee.

Hili lina uzito wa pekee katika nyanda za juu. Kedowa iko zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, ambako kanieneo ya hewa, na kwa hiyo oksijeni, imepungua kwa takriban moja ya tano ikilinganishwa na Mombasa. Jicho lililo wazi hulimudu pengo hilo. Lakini jicho lililofumbwa hupata karibu theluthi moja tu ya oksijeni linayoipata likiwa wazi, na kulipunguzia tena kwa lenzi ni kulibebesha mzigo wa tatu.

Maji ya tangi

Hatari nyingine iko ndani ya bakuli la kunawia. Nyumba nyingi za Kericho na Bomet hukinga maji ya mvua kwa matangi, au huteka visimani na mitoni. Maji hayo yanafaa kufulia, na yakichemshwa yanafaa kunywewa. Hayafai kugusa lenzi hata kidogo.

Sababu ni kidudu kidogo kiitwacho akanthamoeba, kinachoishi katika maji na udongo kote duniani, yakiwemo maji ya mfereji. Katika miaka ya 1980 nchini Marekani, wagonjwa wengi wa maradhi ya konea yanayoletwa na kidudu hicho walipatikana kuwa watu waliojitengenezea maji ya chumvi nyumbani ili kuhifadhi lenzi. Ugonjwa huo huuma vikali, huchukua miezi kutibiwa na unaweza kumwacha mtu akiwa kipofu.

Hata dawa za kiwandani si kinga kamili. Mwaka 2006 kampuni ya Bausch & Lomb iliondoa sokoni kote duniani dawa yake ya kuhifadhia lenzi, ReNu with MoistureLoc, baada ya mlipuko wa maambukizi ya kuvu aina ya Fusarium miongoni mwa watumiaji. Dawa ilikuwa halali na ilinunuliwa madukani.

Katika Afrika Mashariki, kuvu si jambo geni kwa madaktari wa macho. Utafiti uliofanywa kusini magharibi mwa Uganda na kuchapishwa mwaka 2019 ulionyesha kwamba kuvu ndizo zilizosababisha zaidi ya nusu ya vidonda vya konea vilivyoambukizwa. Ulaya na Marekani, lenzi ni miongoni mwa vyanzo vikuu vya vidonda hivyo. Huku kwetu, chanzo cha kawaida ni jicho kuchomwa na jani la mahindi, kijiti au punje wakati wa kilimo.

Mkazi wa Kedowa anayevaa lenzi na bado akashinda shambani la mahindi, viazi au chai hubeba hatari zote mbili kwa pamoja. Ana chanzo cha maambukizi cha mjini na kile cha shambani, huku utando wa machozi, ambao ndio askari wa kwanza wa jicho, ukiwa umedhoofishwa.

Hatari huongezeka mtu anapochelewa kutafuta matibabu. Wengi huanza kwa kununua dawa ya matone bila kupimwa, au kutumia dawa za mitishamba. Baadhi ya matone ya dukani huwa na dawa za kupunguza kinga ya mwili ambazo, jicho likiwa na kuvu, huuchochea ugonjwa badala ya kuuzima.

Wanaozihitaji zaidi

Ingekuwa rahisi kuhitimisha kwamba lenzi zisivaliwe mashambani. Hitimisho hilo lingekuwa na makosa, kwa sababu kuna wagonjwa ambao kwao lenzi si urembo.

Mzio wa macho ni mojawapo ya maradhi yanayowapeleka watoto wengi wa Afrika Mashariki katika kliniki za macho. Mtoto huwashwa na kuyasugua macho kwa miaka. Kusugua huko kunahusishwa na ugonjwa uitwao keratokonasi, ambapo konea hudhoofika, hukonda na kuchongoka mbele kama pia. Ugonjwa ukikomaa, miwani haisaidii. Lenzi ngumu ndiyo inayomrejeshea kijana uwezo wa kusoma ubaoni.

Hapo ndipo penye ugumu. Mwenye mzio mara nyingi ana utando mbovu wa machozi. Yaani anayezihitaji lenzi kuliko wote ndiye ambaye machozi yake yana uwezo mdogo wa kuzibeba. Mgonjwa kama huyo hawezi kuhudumiwa kwa kuuziwa pakiti. Anahitaji mzio utibiwe kwanza, machozi yapimwe, lenzi ichaguliwe kulingana na umbo la konea yake, kisha afuatiliwe kwa miaka.

Zipo lenzi kubwa zinazokaa juu ya sehemu nyeupe ya jicho na kuacha hodhi dogo la maji ya chumvi yasiyo na viini mbele ya konea. Hizo hutumika hata kutibu jicho kavu sana. Zinathibitisha hoja ileile, kwamba lenzi bora ni ile inayoheshimu machozi. Lakini huhitaji mtaalamu aliyefunzwa kuzipima.

Wataalamu wenyewe ni wachache, na wengi wamejikusanya Nairobi na miji mikubwa. Eneo la Kericho na Bomet lina bahati kwa kuwa karibu na Hospitali ya Tenwek, yenye kitengo cha macho kinachojulikana, na lina Hospitali ya Rufaa ya Kaunti mjini Kericho. Hata hivyo, kwa mkazi wa kijiji kilicho mbali na lami, safari ya kurudi kliniki kila baada ya miezi michache ni nauli na siku ya kazi iliyopotea.

Miwani kwanza

Wapo watakaouliza kwa nini lenzi zizungumziwe ilhali wengi hawana hata miwani. Swali hilo ni la haki. Shirika la Afya Duniani limekadiria kwamba kati ya watu wasioona mbali kwa sababu ya kasoro ya macho inayorekebishika kwa miwani, ni asilimia 36 tu walio na miwani inayowafaa. Mwaka 2021 nchi wanachama zilikubaliana kuongeza kiwango hicho kwa pointi 40 za asilimia ifikapo mwaka 2030.

Faida ya kufanya hivyo inajulikana, na imepimwa katika mashamba ya chai. Katika jimbo la Assam nchini India, wachumaji chai 751 wenye umri wa miaka 40 na zaidi walishirikishwa katika jaribio lililochapishwa mwaka 2018. Waliopewa miwani ya kuonea karibu waliongeza mavuno yao kwa takriban asilimia 21 zaidi ya wenzao waliosubiri. Hapana mfano ulio karibu zaidi na maisha ya Kericho kuliko huo.

Kwa mchumaji majani chai, basi, miwani ndiyo jibu la kwanza: ni rahisi, haigusi machozi, na hulikinga jicho dhidi ya matawi. Lakini lenzi na miwani havishindani. Vyote viwili hutegemea mtumishi mmoja, yaani mpimaji wa macho aliye karibu na wananchi. Kaunti ikimwajiri huyo ili agawe miwani, ndiye huyohuyo atakayemwambia kijana kwamba macho yake ni makavu mno kwa lenzi.

Kipimo chenyewe si cha gharama kubwa. Kikaratasi chenye rangi ya manjano hulowekwa na kuguswa jichoni, taa ya buluu huwashwa, na mpimaji huhesabu sekunde hadi utando ukatike. Vifaa hivyo ni vya kawaida katika kliniki yoyote ya macho.

Jukumu la nani?

Marekani ilipitisha sheria mwaka 2005 iliyozifanya lenzi zote, hata zile za rangi zisizo na nguvu yoyote, kuwa vifaa vya tiba visivyouzwa bila cheti cha mtaalamu. Mantiki yake ni kwamba jicho halijui kama lenzi imewekwa kwa urembo au kwa tiba. Utando wa machozi hukatwa vilevile.

Nchini Kenya, huduma za afya ziligatuliwa kwa kaunti mwaka 2013, huku sera na udhibiti wa vifaa vya tiba ukibaki kwa serikali ya kitaifa. Mgawanyo huo usiwe kisingizio. Serikali ya kitaifa ina wajibu wa kuhakikisha kwamba lenzi haziuzwi pamoja na poda na wanja. Kaunti nazo zina wajibu wa kuwa na mtu wa kupima macho katika hospitali za kaunti ndogo.

Mvaaji naye ana sehemu yake. Anawe mikono kwa sabuni na kuikausha kabla ya kugusa lenzi. Asizioshe kwa maji ya tangi wala kwa mate. Asilale nazo, asiazimane na mwenzake, na azitupe muda wake ukiisha. Azivue kabla ya kunyunyizia mazao dawa, kupika kwa kuni au kuingia shambani, na avae miwani ya kukinga upepo anapopanda bodaboda.

Akiwa mbele ya simu au kompyuta, akumbuke kupepesa, kwani mtazamaji wa skrini hupunguza kupepesa hadi takriban theluthi moja ya kawaida. Na jicho likiwa jekundu, likiuma, likiogopa mwanga au likiona ukungu, avue lenzi mara moja na kwenda kwa mtaalamu siku hiyohiyo, akiwa na lenzi hiyo ndani ya kichupa chake ili ipimwe viini.

Usipoziba ufa, wahenga walisema, utajenga ukuta. Kwa jicho, ufa huo ni utando unaokatika kabla ya sekunde 10, nao huweza kuonekana kwa taa ya buluu na kikaratasi cha manjano. Kujenga ukuta ni kupandikizwa konea ya marehemu, upasuaji ambao Kenya bado ina konea chache mno za kuufanyia. Mkazi wa Kedowa anayetaka lenzi ana haki ya kupimwa ufa huo kabla ya kulipa.